Taifa Haliwezi Kucheza Peke Yake

Jumapili ya Februari 27, 2022, siku ya nne tangu majeshi ya Urusi yaivamie Ukraine, Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) lilitangaza uamuzi wa kujikinga. Urusi ingeendelea na mechi za kuwania kufuzu Kombe la Dunia, ila isitumie jina la nchi, isipeperushe bendera, isipigiwe wimbo wa taifa, na mechi zake zichezwe kwenye uwanja usio wa kwake. Timu ingebaki ileile na wachezaji walewale, ikiitwa kwa jina la chama chake cha soka tu. Mpinzani wa kwanza alikuwa Poland, na mechi ilikuwa imepangwa Machi 24 mjini Moscow.

Poland wakakataa. Chama chao cha soka kilisema hakitacheza na Urusi kwa jina lolote, na nahodha Robert Lewandowski na wenzake wakaunga mkono. Uswidi na Jamhuri ya Czech, ambazo mmoja wao angeweza kukutana na Urusi katika hatua iliyofuata, zikatoa msimamo huohuo. Kesho yake jioni FIFA na shirikisho la soka la Ulaya, UEFA, wakaisimamisha Urusi katika mashindano yote. Kile ambacho Jumapili kilionekana hakiwezekani, Jumatatu kikawezekana.

Kilichobadilika katika saa hizo ishirini na nne hakikuwa vita. Mizinga iliendelea kunguruma kama jana yake. Kilichobadilika ni hesabu ya FIFA: ratiba ilikuwa na Urusi, lakini haikuwa na mtu wa kucheza na Urusi. Na hapo ndipo ninapotaka kusimama katika makala haya. Tukizungumzia michezo kama chombo cha diplomasia, macho yetu hukimbilia kwa anayejionyesha: mwenyeji wa Olimpiki, mnunuzi wa klabu, rais anayekabidhi kombe. Naona tunatazama upande usiofaa. Serikali yenye fedha inaweza kujenga uwanja, kununua nyota, kulipia tangazo kifuani na begani, na hata kununua shindano zima. Kitu kimoja haiwezi kujipatia, nacho ni mpinzani. Mpinzani lazima aje kwa hiari yake, na kuja kwake ndiko kunakompa mwenyeji heshima anayoitafuta. Ndiyo maana, katika historia yote ya siasa za michezo, silaha kali kuliko zote imekuwa kutokuja.

Lianze jambo hili na upande wake wa pili, maana kukubali kucheza nako ni tamko.

Aprili 1958, wachezaji wa Kialgeria waliokuwa wakisakata soka katika ligi ya Ufaransa walianza kutoroka kimyakimya, mmoja mmoja na wawili wawili, wakielekea Tunis. Algeria ilikuwa bado koloni la Ufaransa na vita vya ukombozi vilikuwa vimepamba moto. Miongoni mwao walikuwamo Rachid Mekhloufi wa Saint-Étienne na Mustapha Zitouni wa Monaco, watu waliotarajiwa kuvaa jezi ya Ufaransa katika Kombe la Dunia miezi miwili tu baadaye. Wakaiacha nafasi hiyo, wakaunda timu ya chama cha ukombozi cha FLN. FIFA haikuitambua. Lakini timu hiyo ilizunguka Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati, Ulaya Mashariki, ikafika China na Vietnam Kaskazini, ikipandisha bendera ya nchi ambayo haikuwa imezaliwa. Kila aliyekubali kusimama nao katikati ya uwanja na kusikiliza wimbo wao alikuwa, kwa dakika tisini, ameitambua Algeria. Uhuru ulikuja mwaka 1962. Timu ilikuwa imetangulia miaka minne.

Jambo hilo halijapitwa na wakati. FIFA ina wanachama 211, Umoja wa Mataifa una 193, na katika pengo hilo kuna watu ambao taifa lao linaonekana vizuri zaidi kwenye ubao wa matokeo kuliko kwenye ramani. Kosovo iliingia FIFA mwaka 2016. Machi 31, 2021 ikaenda Seville kucheza na Hispania, nchi isiyoitambua. Hispania ilishinda 3-1, lakini kilichozungumzwa kesho yake kilikuwa kona ya juu ya skrini ya televisheni ya taifa ya Hispania: ESP kwa herufi kubwa, kisha kos kwa herufi ndogo. Kuna mtu aliketi chumba cha matangazo akaamua ukubwa wa herufi tatu, na watu wa nchi nzima wakaelewa wanaambiwa nini. Wakosovo walibaki na jambo moja lisilofutika: Hispania ilikuwa imekubali kucheza nao.

Sasa turudi kwa anayekataa. Ni lazima nikiri kwamba silaha yake ina mipaka, na Israel ndiyo inayoionyesha mipaka hiyo kuliko nchi nyingine yoyote. Katika kufuzu Kombe la Dunia la 1958 iliwekwa upande wa Asia na Afrika. Uturuki ikajitoa, Indonesia ikajitoa, Misri ikajitoa, na mwisho Sudan ikakataa kucheza nayo. Israel ikajikuta mlangoni mwa fainali bila kugusa mpira. FIFA haikutaka timu ipite bila kucheza hata mechi moja, ikaitafutia mpinzani kutoka kwingine, akapatikana Wales, ambayo ilikuwa tayari imetolewa. Wales wakashinda 2-0 nyumbani na 2-0 ugenini, wakaenda Uswidi. Nchi nne zilikuwa zimejinyima Kombe la Dunia, na waliofaidi ni Wales.

Mwaka 1974 Israel iliondolewa katika shirikisho la soka la Asia kwa sababu ileile: wapinzani hawakutaka kucheza nayo. Ikatangatanga miaka mingi, kisha mwaka 1994 ikapokewa kuwa mwanachama kamili wa UEFA, kwenye bara ambalo wapinzani wanakubali kuingia uwanjani. Tangu hapo hali imekuwa hiyo. Mei 2024, katika mkutano mkuu wa FIFA uliofanyika Bangkok, chama cha soka cha Palestina, ambacho ni mwanachama tangu 1998, kiliomba Israel isimamishwe. FIFA ikasema itatafuta ushauri wa kisheria. Oktoba 2025 Norway, ambayo viongozi wake wa soka walikuwa wametoa kauli kali kuhusu Gaza, iliingia uwanjani dhidi ya Israel, ikashinda 5-0, na mapato ya mechi ikayaelekeza kwenye misaada ya Gaza. Ni kitendo cha utu na sikidharau. Lakini kilihesabiwa kuwa pointi tatu kama mechi nyingine yoyote, na jedwali la kundi likaendelea.

Watu wengi huuliza kwa nini Urusi ilisimamishwa ndani ya siku nne na Israel haijasimamishwa kwa miaka. Wanasema ni undumilakuwili, nami nakubaliana nao. Ila naongeza kwamba undumilakuwili huo una mtambo wake. Mashirikisho haya hayana mizani ya kupima uovu wa nchi. Yana ratiba, haki za matangazo na wadhamini. Yanatikisika pale tu mtu mwenye nafasi kwenye ratiba anapokuwa tayari kupoteza pointi zake. Poland ilikuwa tayari kupewa kipigo cha mezani na kukosa Kombe la Dunia. Hakuna aliyekuwa tayari kwa hilo upande wa pili, basi shirikisho halikuwa na sababu ya kuhangaika.

Wasomaji wanaojua habari hizi watanikumbusha China, Marekani na mpira wa meza. Twende huko, maana kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi hata kikapindishwa.

Nagoya, Japani, Aprili 1971, mashindano ya dunia ya mpira wa meza. Mchezaji wa Marekani, Glenn Cowan, kijana wa nywele ndefu, anajikuta ndani ya basi la timu ya China. Ndani ya basi kimya. Wachina walikuwa wameonywa wasizoeane na Wamarekani, na nchi yao ilikuwa katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, wakati ambapo neno moja kwa mtu asiyefaa lingeweza kukugharimu maisha. Dakika zinapita. Kisha Zhuang Zedong, aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu, anainuka kiti cha nyuma, anamsogelea Cowan, anazungumza naye kupitia mkalimani, na kumpa zawadi ya kitambaa cha hariri chenye picha ya milima ya Huangshan. Basi linasimama, mlango unafunguliwa, wapiga picha wako nje. Siku chache baadaye timu ya Marekani inaalikwa China. Aprili 14 Waziri Mkuu Zhou Enlai anawapokea Beijing, na Februari 1972 Rais Nixon mwenyewe anatua huko.

Ushujaa wa Zhuang siutilii shaka. Kuinuka kwenye kile kiti kulihitaji moyo. Lakini kabla ya basi lile, Washington na Beijing zilikuwa zimekwisha kupelekeana ujumbe wa siri kupitia Pakistan, na Machi 1971 Marekani ilikuwa imeondoa zuio la raia wake kusafiri China. Wakubwa wote wawili walikuwa wanataka kukutana na kila mmoja anaogopa kuonekana ndiye aliyeomba. Mpira wa meza ukawapa kisingizio chepesi, na Wachina wakautumia kwa ustadi, wakijua kwamba katika mchezo huo Wamarekani hawakuwafikia hata kidogo. Kaulimbiu yao ilikuwa urafiki kwanza, mashindano baadaye, na kwenye meza waliwahurumia wageni wasiaibike. Mwenye nguvu alikubali kuwa mpinzani mpole. Julai mwaka huohuo Henry Kissinger akapenya hadi Beijing kwa siri, akipitia Pakistan, njia ileile ya barua.

Pale ambapo wakubwa hawajaamua, mchezo hauwaamulii. Februari 2018, Korea mbili ziliunda timu moja ya wanawake ya mpira wa magongo wa barafuni katika Olimpiki ya PyeongChang. Walipoteza mechi zote tano na dunia ikawapenda. Aprili viongozi wa Korea mbili wakakutana Panmunjom, Juni ukaja mkutano wa Singapore kati ya kiongozi wa Korea Kaskazini na Rais Trump wa Marekani, na Februari 2019 mazungumzo ya Hanoi yakavunjika. Silaha za nyuklia za Korea Kaskazini ziko palepale.

Au Didier Drogba. Oktoba 2005, Ivory Coast wanafuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza baada ya kuifunga Sudan huko Omdurman, na katika chumba cha kubadilishia nguo Drogba anashika kipaza sauti, anapiga magoti pamoja na wenzake mbele ya kamera, anawasihi Waivory Coast waweke silaha chini. Juni 2007 timu ya taifa ikacheza Bouaké, ngome ya waasi, na kuifunga Madagascar 5-0. Nimeona video ya magoti yale mara nyingi na bado hunigusa. Lakini mkataba wa amani wa Ouagadougou ulisainiwa Machi 2007, miezi mitatu kabla ya mechi ya Bouaké, na walioutia saini walikuwa rais na kiongozi wa waasi. Na baada ya uchaguzi wa 2010 bunduki zikarudi, watu wapatao 3,000 wakauawa. Anayesema Drogba alimaliza vita anamtwisha mcheza mpira mzigo ambao wanasiasa walipaswa kuubeba, na baadaye waliuangusha.

Hadi hapa nimezungumzia wanaokuja na wasiokuja. Kuna kundi la tatu ambalo limeona njia ya mkato: kulipa ili wote waje.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1974 Mobutu aliwaahidi Muhammad Ali na George Foreman dola milioni 5 kila mmoja ili wapigane Kinshasa, na kwa usiku mmoja ulimwengu ukalijua jina la Zaire. Lakini fedha za Ghuba zimeifikisha mahali pengine kabisa. Juni 2017 Saudia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri ziliiwekea Qatar vikwazo vya ardhi, anga na bahari. Agosti, klabu ya Paris Saint-Germain, inayomilikiwa na Qatar tangu 2011, ikatoa euro milioni 222 kumchukua Neymar kutoka Barcelona. Hakuna mchezaji aliyewahi kununuliwa kwa bei hiyo, wala hajanunuliwa mpaka leo. Nchi iliyofungiwa mipaka ilikuwa inawaambia majirani zake kwamba haijaishiwa na haijatengwa. Ujumbe ulifika.

Saudia ilitazama na kujifunza. Mfuko wake wa uwekezaji ukanunua Newcastle United Oktoba 2021, ukaanzisha mashindano yake ya gofu mwaka uliofuata, Cristiano Ronaldo akasaini Al Nassr mwishoni mwa 2022, na Desemba 11, 2024 nchi hiyo ikapewa Kombe la Dunia la 2034. Ilikuwa mgombea pekee, na wajumbe walipitisha kwa makofi. Mwanamfalme Mohammed bin Salman alipoulizwa mwaka 2023 kuhusu tuhuma za kutumia michezo kulisafisha jina la nchi yake, alijibu kwamba kama jambo hilo linaongeza asilimia moja kwenye pato la taifa, ataendelea nalo. Walau alisema wazi. Wanaonisumbua zaidi ni wale waliopiga makofi, maana kila mmoja wao alikuwa na kura na hakuna aliyetaka kuwa mpinzani.

Hata hivyo fedha zina tabia moja ambayo wanunuzi huigundua wakiwa wamechelewa. Ukilipia taa ikumulike, haitachagua upande wa uso wako. Qatar ilipopewa Kombe la Dunia mwaka 2010, ni wachache duniani waliolijua neno kafala. Miaka kumi na miwili baadaye lilikuwa kwenye kila gazeti: wafanyakazi kutoka Nepal, India, Bangladesh na Kenya, waliohitaji ruhusa ya mwajiri ili wahame kazi, hata ili waondoke nchini. Mwaka 2020 Qatar ililegeza sheria hizo na kuweka kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi. Watetezi wa haki wanasema utekelezaji umekuwa wa kusuasua, na kuna familia zilizopokea majeneza bila fidia wala maelezo. Bado, sheria ilibadilika, na isingebadilika kama Doha isingetaka wageni.

Rwanda nayo imeyaona hayo. Mwaka 2018 iliweka tangazo la utalii kwenye mkono wa jezi ya Arsenal, baadaye ikaongeza Paris Saint-Germain na Bayern Munich, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Kwa nchi ndogo isiyo na bahari, ni ubunifu mkubwa. Lakini Januari mwaka huohuo waasi wa M23 walikuwa wameiteka Goma, na waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, akaziandikia klabu hizo tatu akizitaka zivunje mikataba. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza katika ripoti zao jinsi Rwanda inavyowasaidia waasi hao; Kigali inakanusha. Kongo haikuwa na uwezo wa kuligusa jeshi la Rwanda, lakini ule mkono wa jezi uliweza kushikika. Mashabiki wakaandamana, Agosti Bayern wakaubadili mkataba ukabaki wa kukuza vijana, na Novemba Arsenal wakatangaza kwamba ushirikiano utakoma mwisho wa msimu. PSG wao walikuwa wameongeza. Na Kongo? Mwaka huohuo ikasaini mikataba yake na Monaco, AC Milan na Barcelona. Wakimbizi wa Goma walikuwa wakilala kwenye maturubai, na serikali mbili zikishindana kwa nembo za klabu za Ulaya. Naandika sentensi hiyo kwa uchungu.

Jezi ni kitu kidogo sana cha kubeba mambo mazito namna hii. Aprili 2024 RS Berkane ya Morocco ilitua Algiers kwa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger. Maofisa wa uwanja wa ndege wakazizuia jezi zao, kwa sababu kifuani zilikuwa na ramani ya Morocco iliyoijumuisha Sahara Magharibi. Berkane wakakataa kucheza bila jezi hizo, Waalgeria wakakataa kuona ramani hiyo kwenye ardhi yao. Mpira haukupigwa. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, likawapa Berkane ushindi wa mezani wa 3-0, na katika mechi ya marudiano USM Alger hawakucheza. Mgogoro wa Sahara Magharibi wa tangu 1975 ulikuwa umekunjwa ndani ya begi la vifaa.

Nimeacha kwa makusudi kisa ninachokiona kuwa kizito kuliko vyote, kwa sababu kinahusu gharama.

Afrika ilikuwa imejifunza mapema kwamba kutokuja kunalipa. Ilisusia Kombe la Dunia la 1966 kwa sababu haikuwa na hata nafasi moja ya moja kwa moja, na mwaka 1970 ikapata moja. Kwa hiyo mwaka 1976 ilijua inachofanya. Juni 16 mwaka huo polisi wa Afrika Kusini waliwapiga risasi wanafunzi wa Soweto. Wiki mbili baadaye timu ya raga ya New Zealand, All Blacks, ilikuwa Afrika Kusini kwa ziara, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nchi za Afrika zikaitaka Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iizuie New Zealand kushiriki michezo ya Montreal. Kamati ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya nchi 20, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zikajitoa. Wanariadha waliokuwa wamekwisha kufika kijiji cha michezo walifunga mabegi yao wakarudi makwao.

Miongoni mwa waliokosa alikuwa Filbert Bayi. Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Bayi alikuwa ameongoza fainali ya mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Nyuma yake, naye akiwa chini ya rekodi ya zamani, alikuwa John Walker, Mnyuzilandi. Mei 1975 Bayi akavunja rekodi ya dunia ya maili. Agosti Walker akaivunja. Dunia nzima ya riadha ilikuwa inahesabu siku za kuelekea Montreal. Bayi hakuwapo. Walker alichukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, mbio za kunyatiana ambazo mwenye kuongoza tangu mwanzo kama Bayi asingeziruhusu ziende hivyo.

Je, mgomo ulizaa matunda? Naamini ndiyo. Mwaka uliofuata viongozi wa Jumuiya ya Madola, New Zealand ikiwamo, walikubaliana huko Gleneagles kuzuia mahusiano ya michezo na Afrika Kusini. New Zealand ilikiuka mwaka 1981 ilipoikaribisha Springbok, timu ya raga ya Afrika Kusini, na safari hii raia wake wenyewe waliingia uwanjani Hamilton na kuivunja mechi. Kwa makaburu, ambao raga kwao ilikuwa karibu na ibada, kukosa mpinzani kuliuma mahali ambapo vikwazo vya biashara havikufika. Mandela alipovaa jezi namba 6 ya Springbok katika fainali ya Kombe la Dunia la raga ya 1995 pale Ellis Park, Johannesburg, timu iliyokuwa upande wa pili ilikuwa All Blacks. Walikuwa wamekuja, na sasa kuja kwao kulikuwa na maana nyingine.

Lakini silaha ikishaonekana inafanya kazi, kila mmoja huitaka. Februari 1980 Rais Carter, akitaka dunia isusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya uvamizi wa Wasovieti nchini Afghanistan, alimtuma Muhammad Ali barani Afrika kushawishi. Ali akatua Dar es Salaam. Rais Nyerere hakumpokea. Waandishi wa habari wakamuuliza kwa nini Afrika iisaidie Marekani kususia Moscow, wakati Marekani haikuisaidia Afrika kususia Montreal. Ali, mtu ambaye hakuwahi kukosa jibu ulingoni, hakuwa na jibu. Tanzania ilikwenda Moscow. Kenya haikwenda. Wasovieti waliondoka Afghanistan mwaka 1989, na sijaona mwanahistoria anayesema waliondoka kwa ajili ya Olimpiki.

Kwa Wakenya hiyo ilikuwa mara ya pili mfululizo. Mwaka 1978 Henry Rono aliweka rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 3,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 5,000 na mita 10,000. Hajatokea mwingine. Mwaka 1976 nchi yake iligoma kwa ajili ya Soweto, na mwaka 1980 ikagoma kwa ajili ya Carter. Rono amefariki mwaka 2024 bila kukimbia Olimpiki hata moja. Mgomo wa kwanza naweza kumweleza mtu sababu zake, akaelewa kwa nini kijana alitolewa sadaka. Wa pili siwezi.

Bayi alikwenda Moscow. Kasi yake ya mita 1,500 haikuwa tena ile ya Christchurch, akaingia mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Alikimbia kama alivyokimbia siku zote, mbele tangu mwanzo, akawaacha wenzake mbali hata ikaonekana hakuna wa kumfikia. Mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampata, akampita, akachukua dhahabu. Bayi akamaliza wa pili kwa dakika 8 na sekunde 12.5, akapewa medali ya fedha, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Tanzania. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui akaongeza ya pili katika mita 5,000. Hazijaongezwa nyingine.